Kuchagua Shina la Kupandikizia Nyanya

Mnyauko bakteria ni miongoni mwa magonjwa yanayowatia hasara kubwa wakulima wa nyanya katika nchi za joto. Mmea hunyauka ghafla ungali na rangi ya kijani, nao hauponi. Bakteria wa ugonjwa huu, Ralstonia solanacearum, huishi udongoni na huingia kupitia mizizini. Kwa hiyo kunyunyizia majani dawa hakufai kitu.

Njia mojawapo ya kuukabili ni kupandikiza, yaani kuunganisha mimea miwili iwe mmoja. Mmea wa chini, wenye mizizi, huitwa shina la kupandikizia. Sehemu ya juu, izaayo matunda, huitwa kikonyo. Huko Japani na Korea, tangu miaka ya 1920, matikiti maji yalipandikizwa juu ya mashina ya maboga ili kuepuka mnyauko utokanao na kuvu ya Fusarium. Hata hivyo, hakuna shina linalokinza magonjwa yote. Katika kuchagua, mambo manne huzingatiwa:

(a) Ugonjwa. Kipande cha shina lililonyauka hukatwa na kuning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukiteremka baada ya dakika chache, hiyo ni dalili ya mnyauko bakteria. Usipoonekana, mmea hung'olewa ili kutazama kama mizizi ina vifundo vya minyoo.

(b) Undugu. Nyanya hushikana na biringanya kwa kuwa ni mimea ya jamii moja. Haiwezi kushikana na boga.

(c) Maji. Kituo cha Mboga Duniani, chenye makao makuu Taiwani, kimependekeza biringanya EG203 kwa mashamba yanayotuama maji, na nyanya Hawaii 7996 kwa yasiyotuama. Zote mbili hukinza mnyauko bakteria.

(d) Joto. Nyanya nyingi zinazokinza minyoo ya vifundo hutegemea jeni iitwayo Mi. Joto la udongo likizidi nyuzi 28 hivi za Selsiasi, ukinzani huo hudhoofika. Shina lifaalo nyanda za juu laweza basi kushindwa pwani.

Ukinzani si kinga kamili. Kiungo hapana budi kikae juu ya udongo, kwani kikonyo kikiota mizizi yake chenyewe, bakteria hupata mlango. Aidha, mche uliopandikizwa hugharimu mbegu mbili na kazi ya mikono. Gharama hiyo hupotea bure iwapo ugonjwa haukutambuliwa kwanza. Kubadilisha mazao na kung'oa mimea iliyougua kuendelee vilevile.

Maswali
1. Kwa nini dawa ya majani haizuii mnyauko bakteria?
2. Shamba la pwani lina minyoo ya vifundo. Eleza kwa nini shina lenye jeni ya Mi pekee halitoshi.
3. Kiungo kikifukiwa udongoni, kutatokea nini?