Maana ya Viza, na Mstari Nilioupita

Mhariri ameniomba niandike juu ya jambo la uraia, nami nimechagua viza, kwa kuwa mimi mwenyewe nilidhani naijua, kumbe siijui.

Likizo ya Juni mwaka jana, nilipokuwa kidato cha tatu, nilikwenda Muheza kwa mama mkubwa. Bintiye, ambaye ni dada yangu, alikuwa ametafutiwa kazi ya nyumbani huko Muscat na wakala mmoja. Karatasi ilikuwa imefika, nayo imeandikwa Kiingereza na Kiarabu. Mama mkubwa aliniita mbele ya wageni akasema, "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu, hebu tusomee." Nikasimama. Nikasoma jina, namba ya pasi, tarehe na muhuri, kisha nikawaambia, "Viza ni halali." Wakapiga vigelegele, nami nikala pilau kwa raha.

Na kweli ilikuwa halali. Lakini palikuwa na mstari wa aina ya viza, nao ulisema kwamba ni ya mtalii, siku 30. Mstari huo niliuona, nikaupita.

Basi tuanze mwanzo. Msafiri huwa na karatasi za namna tatu, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni pasi ya kusafiria, ambayo hutolewa na Serikali yako; kwetu ni kazi ya Idara ya Uhamiaji. Pasi husema wewe ni nani na ni raia wa wapi, lakini haikupi ruhusa ya kuingia nchi ya watu. Ya pili ni viza, nayo hutolewa na nchi unayokwenda. Asili ya neno hili ni Kilatini, maana yake "iliyoonwa", yaani hati yako imekwisha kutazamwa. Zamani ilikuwa muhuri au karatasi iliyobandikwa ndani ya pasi. Siku hizi nchi nyingi huitoa kwa mtandao. Ya tatu ni kibali cha kazi au cha ukaazi, nacho ndicho kisemacho unaweza kufanya nini ukiisha kuingia.

Nchini Oman, viza ya kazi haiombwi na mfanyakazi. Mwajiri ndiye aendaye kwanza kwa Wizara ya Kazi ya huko kuomba ruhusa ya kumleta mtu kutoka nje, kisha Polisi ya Oman hutoa viza. Mfanyakazi akifika hupimwa afya na kupewa kadi ya ukaazi. Viza ya utalii ni jambo jingine kabisa: msafiri aweza kuiomba mwenyewe kwa mtandao na kuilipia. Ndiyo maana wakala asiye mwaminifu huipenda. Akiulizwa, hujibu, "Itabadilishwa ukifika." Dada aliambiwa hivyo hivyo, ingawa mwaka 2023 Serikali ya Oman ilikuwa imesimamisha kazi ya kubadili viza za utalii na za matembezi kuwa za kazi. Katika karatasi niliyosoma mimi, jina la mwajiri halikuwamo popote.

Dada alifanya kazi miezi minne. Kuanzia siku ya 31 alikuwa hana ruhusa ya kuwa nchini, wala hakujua. Mshahara wa mwezi wa tatu hakupewa. Alipodai aliambiwa, kama anataka, aende polisi akashitaki. Angekwendaje, na karatasi yake imekwisha? Faini ya kukaa kupita muda huhesabiwa kwa siku, na mpaka alipopata njia ya kurudi ilikuwa imekuwa kubwa. Mama mkubwa aliuza machungwa ya shamba zima yakiwa bado mabichi mtini, kwa bei aliyoitaka mnunuzi.

Tarehe nazo zina mtego wake. Siku ya mwisho ya kuitumia viza si sawa na idadi ya siku za kukaa. Viza yaweza kuwa hai miezi mitatu, na bado ikakupa siku 30 tu. Katika nchi 29 za Ulaya zilizomo katika umoja wa Schengen, mgeni wa muda mfupi hukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Nililileta jambo hili darasani, na mwalimu wa hesabu akatuuliza: mtu aliyeingia tarehe 1 Januari akakaa siku 60, akirudi tarehe 1 Mei amebakiwa na siku ngapi? Nusu ya darasa walijibu 90. Jibu ni 30.

Hata kwa majirani zetu yafaa kuuliza. Sisi wa Tanga twavuka Horohoro kwenda Kenya bila viza, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 2010; lakini kuajiriwa huko bado kwataka kibali.

Nyumbani pia iko sheria. Tangu sheria ya huduma za ajira ya mwaka 1999, wakala wa kuwatafutia watu kazi hutakiwa kuwa na leseni ya Serikali. Sisi hatukumwomba wakala yule atuonyeshe leseni. Nadhani tuliona haya kumhoji mtu mzima aliyevaa vizuri, tena aliyekwisha kunywa chai yetu.

Dada sasa anashona nguo Muheza. Hakunilaumu hata siku moja, jambo ambalo laniuma zaidi. Pasi yake ameiweka sandukuni, bado ina miaka mingi. Asema akipata mwajiri wa kweli ataniletea mkataba na viza nimsomee tena, na safari hii niketi chini, nisome polepole, wageni wakiwa wameondoka.