BINGO KWENYE SIKU YA VIJANA: TUCHEZE BILA KUBETI



Vijana wenzangu, somo la leo linaanzia kwenye mchezo wa bingo. Kikundi chetu cha vijana kilikuwa na siku ya familia parokiani, na baada ya Misa na chakula tukacheza bingo. Laptopu ndiyo iliyoita namba, ukutani tukawasha projekta, wazee kwa watoto wakashika kadi zao. Tulicheka sana siku ile.

Tulipokuwa tunakusanya viti, kijana mmoja akanisogelea. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hivi hii bingo na mkeka wangu vina tofauti gani? Si vyote bahati tu?"

Nilitaka kumjibu harakaharaka kwamba hii ni ya kanisani. Lakini hilo si jibu. Kisha akaniambia kuwa nauli ya kurudi chuo aliiweka kwenye mkeka, mkeka ukachanika, na mama yake bado hajui. Nikamwomba anipe wiki moja. Somo hili ndilo jibu nililompa, na nimeliongezea maelekezo kwa vikundi vinavyotaka kuandaa bingo yao.

1. TUUELEWE MCHEZO WENYEWE

Bingo tuliyocheza ni ya namba 75. Kadi ina safu 5 za kushuka, kila safu ina herufi yake: B ina namba za 1 hadi 15, I ni 16 hadi 30, N ni 31 hadi 45, G ni 46 hadi 60, na O ni 61 hadi 75. Kila safu ina namba 5, isipokuwa N yenye 4, kwa sababu nafasi ya katikati ni ya bure. Sisi pale katikati tulichora msalaba. Namba ikiitwa na wewe unayo, unaweka punje ya mahindi juu yake. Wa kwanza kukamilisha mstari mmoja, wa kulala, wa kusimama au wa mshazari, anapaza sauti: "Bingo!"

Kadi yako ina namba 24 kati ya 75. Kwa hiyo namba ya kwanza inapoitwa, una nafasi 32 kati ya 100 ya kuwa nayo. Aliyesali rozari asubuhi na aliyechelewa Misa wana nafasi ileile. Hakuna namba ya bahati. Ukianza kuamini kwamba kadi fulani ina nguvu fulani, tayari umeingia kwenye ushirikina, nao unapingana na amri ya kwanza ya Mungu (KKK 2110-2111).

2. JINSI YA KUANDAA

(a) Chagua programu ya kuita namba mapema, usisubiri watu wamekaa. Tafuta ile ya bingo ya namba 75 isiyorudia namba na inayoonyesha orodha ya namba zote zilizokwisha kuitwa. Kifaa cha kawaida cha kutoa namba kati ya 1 na 75 kinaweza kukuletea namba ileile mara mbili, na hapo ugomvi unaanza.

(b) Kaa macho na tovuti. Ukitafuta neno bingo mtandaoni utakutana na kurasa nyingi za kamari. Ikikutaka uweke pesa, ujisajili kwa namba ya simu au uchukue bonasi, funga ukurasa huo. Programu ya kuita namba haihitaji vitu hivyo. Angalia pia kama ina matangazo ya kubeti, maana yote yataonekana ukutani mbele ya watoto wa Utoto Mtakatifu.

(c) Chapisha kadi tofauti, moja kwa kila mtu. Hakikisha hakuna kadi mbili zinazofanana.

(d) Andaa mpango wa pili. Umeme unakatika na bando linaisha. Andika namba 1 hadi 75 kwenye vikaratasi, vikunje sawasawa, viweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Mtoto mdogo achote kimoja kimoja, na mtu mwingine aandike kila namba ubaoni.

(e) Gawa kazi. Mmoja abonyeze, mwingine aite kwa sauti mara mbili, wa tatu ahakiki. Mtu akisema bingo, asomewe namba zake moja moja na zilinganishwe na orodha iliyoko ukutani. Anayebonyeza asiwe na kadi. Huo si ukosefu wa imani kwa mwenzetu. Ni kumlinda asisingiziwe.

(f) Usiuze kadi. Zawadi zetu zilikuwa rozari, mishumaa, daftari na soda, zote zilichangwa na wanajumuiya kabla ya siku yenyewe, na kila aliyekuja alipata kadi bure. Kama kikundi kinafikiria kuuza kadi ili kuchangisha fedha, msijiamulie wenyewe. Mwoneni paroko kwanza, na mjue kwamba Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayosimamia michezo hiyo. Nia njema haiondoi wajibu wa kufuata sheria.

3. NAMBA IFUNDISHE KITU

Waita namba wa Uingereza wana desturi ya kuzipa namba majina ya utani. Sisi tukaona tuzipe katekesi. Namba inapoitwa, mwitaji anauliza, na wa kwanza kujibu anapigiwa makofi. Hizi hapa za kuanzia:

B 7: sakramenti za Kanisa.
B 12: mitume.
B 14: vituo vya Njia ya Msalaba.
I 22: mashahidi Wakatoliki wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964.
I 27: vitabu vya Agano Jipya.
N 40: siku ambazo Yesu alifunga jangwani.
G 46: vitabu vya Agano la Kale katika Biblia yetu.
O 73: vitabu vyote vya Biblia yetu, yaani 46 na 27.

Kulikuwa na bibi mmoja ambaye hakushinda hata mstari mmoja, lakini alijibu maswali kuliko sisi viongozi. Alirudi nyumbani na furaha kuliko mwenye rozari.

4. BIBLIA NA KURA

Je, Biblia inajua habari za bahati nasibu? Ndiyo, tena zaidi ya mara moja. Zakaria aliingia hekaluni kufukiza ubani kwa sababu kura ilimwangukia (Lk 1:8-9). Na baada ya Yuda kuanguka, mitume walimpata Mathia kwa kura (Mdo 1:15-26). Soma vizuri mpangilio wa tukio hilo. Kwanza walitumia akili: walitaka mtu aliyekuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohane. Wakapatikana wawili wanaofaa. Kisha wakasali. Kura ikaja mwisho kabisa, na hakuna aliyetarajia kutajirika kwayo. Mathia alipewa kazi, si zawadi.

Sasa fungua Yohane 19:23-24. Pale Kalvari askari wanapiga kura pia. Wanagombea kanzu ya mtu anayekufa juu ya vichwa vyao, na wala hawamtazami. Kura ni ileile, kitendo ni kilekile. Kilichobadilika ni moyo wa mchezaji, na nani anavuliwa nguo ili mwingine apate.

5. KANISA LINASEMAJE?

Katekisimu namba 2413 inatusaidia sana. Inafundisha kwamba michezo ya kubahatisha na kupinga kwa fedha si dhambi kwa asili yake. Inakuwa mbaya pale inapomnyang'anya mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya wale wanaomtegemea. Inaonya kwamba tamaa ya kucheza inaweza kumfanya mtu mtumwa. Na inasema kudanganya kwenye michezo hiyo ni jambo zito, isipokuwa hasara yake iwe ndogo mno.

Basi nilirudi kwa yule mdogo wangu na majibu matatu.

La kwanza, uliza pesa imetoka wapi. Kwenye bingo yetu hakuna aliyeweka kitu, kwa hiyo hakuna aliyerudi nyumbani amepungukiwa. Nauli yako ya chuo ilikuwa hitaji lako, tena jasho la mama yako. Hapo ndipo Katekisimu inaposema simama.

La pili, uliza hesabu inasemaje. Tuseme umeweka mechi 10 kwenye mkeka, na kila moja una nafasi 7 kati ya 10 ya kupatia. Unaona ni uhakika, si ndiyo? Lakini kupatia zote 10 kwa pamoja ni chini ya mara 3 kati ya 100. Ndiyo maana karibu kila mara mechi moja inachana mkeka, na wewe unasema, "Nilibakiza moja tu!" Hukubakiza moja. Hesabu ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

La tatu, uliza kama unaweza kuacha. Bingo yetu iliisha saa kumi na hakuna aliyeota usiku ule. Mkeka unakuamsha usiku kuangalia matokeo, na ukipoteza unakwambia weka tena urudishe. Mchezo ukianza kukuamrisha, hauchezi tena wewe.

Na tusijidanganye kwamba bingo haiwezi kufika huko. Kule Napoli, Italia, familia hucheza tombola wakati wa Krismasi, mchezo unaofanana na bingo wenye namba 90. Inasimuliwa kuwa mwaka 1734 Mfalme Carlo alitaka bahati nasibu ya serikali, na Padre Gregorio Maria Rocco, Mdominikani, akampinga kwa kuwa iliwapotosha watu na kuwatoa kwenye sala. Wakaafikiana isimame wiki ya Krismasi. Watu wakajitengenezea yao nyumbani, wakacheza na watoto wao. Namba zilikuwa zilezile, ila mezani walikaa familia.

6. KAMA MKEKA UMEKUSHIKA

Ndugu yangu unayesoma haya huku umeficha jambo kama yule kijana, usianze kwa kutafuta mkeka wa kurudisha hasara. Anza kwa kumwambia mtu mmoja ukweli, leo. Nenda kwenye kitubio. Futa programu kwenye simu, na kwa muda fulani mwombe mtu unayemwamini akushikie pesa. Ukiona bado unashindwa, tafuta mshauri mwenye utaalamu, hakuna aibu hapo.

Yule mdogo wangu alimwambia mama yake Jumapili ile ile. Mama alilia, kisha akanyamaza, kisha akauliza nauli ni shilingi ngapi. Alisafiri wiki moja baadaye kwa pesa ya vibarua alivyofanya mwenyewe. Hakuna muujiza hapo. Ila alisafiri bila siri.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Katika mitandao na mechi tunazotazama, ni kitu gani kinachotufanya tuone kubeti ni jambo la kawaida?
2. Kwa nini mitume walisali na kuchagua watu wanaofaa kabla ya kupiga kura?
3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mwenzetu aliyepoteza ada au nauli bila kumwaibisha?

AZIMIO LA WIKI

Wiki hii nitaandika kila shilingi ninayotumia. Kile ambacho ningebeti, hata kama ni 500, nitakiweka kando kwa ajili ya mtu mwenye shida kwenye jumuiya yangu.

TUSALI

Ee Bwana Yesu, askari walipigia kura kanzu yako, nawe ukawaombea msamaha. Watazame vijana waliopoteza pesa, usingizi na amani kwa kubeti. Utupe furaha isiyomlipisha mtu mwingine, na ujasiri wa kusema ukweli nyumbani. Mtakatifu Mathia mtume, utuombee. Amina.

Tukutane tena kwenye somo lijalo. Na mkiandaa bingo yenu, msisahau punje za mahindi!