Mtungi wa Gesi na Mizani

Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kwamba ifikapo 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wapikie nishati safi. Twaafiki: mikoko ya Mbuchi yatufaa ikisimama kuliko ikiwa kuni. Lakini mtungi wa gesi uliokwisha vushwa kwa mashua, ukionekana pungufu, nani ataurudisha? Kupunja ni kuvunja amri ya saba; hata hivyo mnunuzi naye ajue hesabu. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ukisoma kilo 7, basi wenye gesi ya kilo 6 uvute 13. Lakiri isitutoshe, upimwe dukani, kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, wapelekewe habari Wakala wa Vipimo.