Huharibiwa, huharibiana, huharibika: kauli za kitenzi mbele ya radikali huru

Karatasi moja ya Kifaransa kuhusu watoto wachanga ambao chembe nyekundu za damu yao hupasuka ndiyo iliyonifikisha kwenye mada hii. Tuliombwa, wanafunzi wachache wa kitivo chetu, kuitia katika Kiswahili. Ndani yake mlikuwa na radicaux libres. Waandishi wa afya wa Tanzania na Kenya husema radikali huru, nami sioni sababu ya kubuni jingine. Ila hilo huru linadai maelezo, maana kwetu limebeba 30 Juni 1960, na msomaji atadhani ni kitu kilichojitosheleza. Ni kinyume chake.

Kwa kawaida elektroni za molekuli hukaa mbili mbili. Radikali imebaki na moja isiyo na mwenzake. Kwa lugha ya hesabu, idadi yake ni witiri. Wanakemia wa karne ya 19 waliita radikali, kutokana na neno la Kilatini la mzizi, kile kipande kinachohama kizima kutoka kampaundi moja kwenda nyingine. Wengi hawakuamini kwamba kinaweza kusimama peke yake, mpaka Moses Gomberg alipokionyesha huko Michigan mwaka 1900. Huru basi ni kusema kimeachana na wenzake. Na kilichoachana na wenzake hutafuta elektroni popote.

Mahali rahisi pa kuipata ni kwenye utando wa seli. Utando umejengwa kwa tabaka mbili za mafuta, na mikia ya mafuta hayo mara nyingi ina vifungo maradufu. Haidrojeni iliyokaa katikati ya vifungo maradufu viwili imeshikwa kwa ulegevu. Inapopita radikali kali kama haidroksili, huing'oa.

Hapa naomba tusimame kwenye kitenzi. Asidi ya mafuta ya kwanza inaharibiwa: kauli ya kutendwa inafaa, kwani mtenda yupo na ametoka nje. Lakini asidi hiyo, ikiwa sasa na elektroni witiri, huungana na oksijeni, kisha hunyang'anya haidrojeni ya jirani yake. Jirani naye humfanyia hivyo anayefuata. Mtenda wa kwanza ameshamaliza kazi yake. Kuendelea kusema "zinaharibiwa na haidroksili" ni kumsingizia. Asidi za mafuta zinaharibiana. Kifaransa huhitaji maneno kadhaa kueleza jambo hili, sisi tunalo katika silabi mbili. Mnyororo hukatika radikali mbili zikikutana na kuoanisha elektroni zao, au vitamini E iliyomo ndani ya utando ikitoa haidrojeni yake. Hiyo nayo hugeuka radikali, lakini radikali mvivu, isiyo na nguvu ya kuendeleza ugomvi. Ndipo tunafika kwenye kutendeka: utando umeharibika, umekuwa mgumu, unavuja.

Asiyeamini na anuse karanga zilizosagwa zikasahaulika kabatini. Harufu ile ni ya mabaki ya mnyororo uleule. Mawese hustahimili zaidi, kwa kuwa yana vifungo maradufu vichache kuliko mafuta ya karanga, na vitamini E kwa wingi.

Kwa vimeng'enya, kutendana hakutufai sana. Hivi ni protini, na kila kimoja hupigwa kivyake, mara nyingi kwenye salfa ya sisteini iliyo mahali pake pa kazi. Akonitasi ya mitokondria ni mfano mzuri: kiini chake kina chuma nne na salfa nne, superoksidi hung'oa chuma moja, kazi ikasimama. Chuma iliyotoka ikikutana na haidrojeni peroksaidi huzaa haidroksili mpya. Wapo wanaoandika kwamba kimeng'enya "huuawa". Sikubaliani nao: akonitasi ikirudishiwa chuma yake huweza kufanya kazi tena. Hulemazwa inatosha.

Sasa turudi kwenye ile karatasi. Chembe nyekundu ya damu haina kiini wala mitokondria, kwa hiyo haiwezi kutengeneza vimeng'enya vipya. Kinga yake kubwa ni glutationi, na glutationi hurudishiwa nguvu kwa msaada wa kimeng'enya kimoja, G6PD. Upungufu wake ni wa kawaida katika Kongo. Hurithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana huwapata zaidi wavulana. Mtoto mwenye upungufu huo akivikwa nguo zilizohifadhiwa na naftalini, au akipewa dapsoni au primakwini, kinga huisha, utando na hemoglobini huharibiwa, chembe hupasuka. Macho huwa ya manjano na mkojo mweusi.

Rasimu ya kwanza iliyopendekezwa ilisema "dawa huharibu damu". Mama akisoma hivyo ataacha hata dawa ya malaria ambayo mtoto wake anaihitaji na isiyomdhuru. Nyingine ilisema "damu huharibika". Hapo hakuna mtenda kabisa. Ni kama mvua, huja yenyewe, na naftalini itabaki sandukuni kati ya nguo za mtoto.

Nilipendekeza hivi: "Damu ya mtoto huyu ina kinga ndogo. Naftalini na baadhi ya dawa huichosha kinga hiyo, ndipo chembe za damu hupasuka. Nguo zake zisiwekewe naftalini. Kabla hajapewa dawa, mwambie muuguzi kwamba ana upungufu wa G6PD." Mwenzangu mmoja alishuku huichosha, akisema kinga haichoki, hutumika ikaisha, na ndivyo glutationi inavyofanya. Tukaandika huimaliza.