GARI YA SHULE INATETEMEKA NA INAKULA ESANSE: TUTAFUTE UGONJWA MBELE YA KUNUNUA DAWA



Muhula huu Bwana Prefe alitusomea hesabu ya shule mbele ya bendera. Tulisikia kwamba gari yetu ya zamani inakula esanse kupita kiasi, na ikiendelea hivi itasimamishwa. Wengine walicheka. Sisi viongozi wa wanafunzi hatukucheka, juu tunakumbuka ule usiku mwenzetu alishikwa na malaria kali. Tangi ilikuwa tupu, tukamupakiza kwa pikipiki katikati ya watu wawili mpaka hospitali. Alipona, lakini hatutaki kuona vile tena.

Basi, kwa ruhusa ya Bwana Prefe, sisi wane wa mwaka wa mwisho tulikaa siku mbili za juma pamoja na Papa Shofere na fundi mumoja wa hapa Luberizi. Tunawaandikia yale tuliyojifunza, sababu yako kwa programu ya fizike na kemia, tena yako kwa mufuko wa wazazi.

1. MOTERI INAISHI NAMNA GANI

Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza moteri ya hatua nne: kuvuta, kukamua, kuwaka, kutoa moshi. Moteri yetu inafanya vile vile mpaka leo. Inahitaji vitu vinne: hewa, esanse, cheche ya moto, na silinda isiyovuja. Kwa gramu 1 ya esanse inaomba karibu gramu 15 za hewa. Hewa ikipita kiasi, moto unakuwa zaifu na moteri inatetemeka. Esanse ikipita kiasi, haiungui yote: moshi mweusi, harufu, na pesa inapotea hewani.

Wakati gari imesimama na shofere hakanyagi mafuta, moteri inazunguka polepole. Mafundi wanaita hiyo ralanti. Pale inavuta hewa kidogo sana, njo maana hata katundu kadogo kanaisumbua, lakini ukikanyaga mafuta unaona kama imepona.

2. KUPIMA MBELE YA KUSEMA

Watu wote walikuwa na jibu. Mumoja: «Muuze karbiratere, mununue ingine Bukavu.» Mwingine: «Moteri imezeeka, haina kazi tena.» Hakuna mutu alikuwa amepima. Tulijaza tangi mpaka juu, gari ikatembea kilometa 120 kwa kazi zake za kawaida, tukajaza tena mpaka pale pale. Iliingia lita 21,6. Hesabu ni hii: 21,6 × 100 ÷ 120 = lita 18 kwa kilometa 100. Sasa tulikuwa na namba, si maneno ya barabarani.

3. KUSOMA BUJI

Buji (wenzetu wa Tanzania wanasema plagi) ni kama ulimi wa mugonjwa mbele ya munganga. Ikiwa na rangi ya kahawia, ni nzuri. Ikiwa nyeupe sana, hewa imezidi. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, esanse imezidi. Ikiwa na mafuta mazito, moteri inakula mafuta yake ya kulainisha.

Zetu zote ine zilikuwa nyeusi, kavu. Kwa hiyo esanse ilizidi kwa silinda zote. Tukafikiri: karbiratere njo mbaya! Fundi akasema: «Mungoje, watoto. Mujiulize kwanza nani anaipatia esanse mingi.»

4. TULIPOPATA MUZIZI

Tulimwuliza Papa Shofere, kwa heshima, anaendesha namna gani. Akatuonyesha kile kifungo cha kuvuta asubuhi, starteri, chenye kufunga hewa ili moteri ya baridi ipate esanse mingi. Akasema: «Nikikirudisha, gari inazimika. Njo nakiacha nusu, siku muzima.»

Hapo tuliona njia. Fundi aliacha moteri kwa ralanti, starteri imerudishwa, mumoja wetu akikanyaga mafuta kidogo isizimike. Akadondosha maji ya sabuni polepole kwa mipira midogo yenye kuingia chini ya karbiratere. Kwa mupira wa pili sauti ikabadilika, maji yakavutwa ndani. Mupira ulikuwa umepasuka upande wa chini, pahali jicho halifiki.

Tufuate mufululizo: mupira ulipasuka, hewa ikaingia bila ruhusa, ralanti ikatetemeka na kuzima. Shofere akavuta starteri ili gari isizime. Starteri ikazidisha esanse barabarani kote, buji zikawa nyeusi, cheche ikazaifika, gari ikatetemeka tena zaidi. Dawa ilikuwa imekuwa ugonjwa wa pili. Hatumulaumu Papa Shofere: bila ile akili yake gari ingekuwa imesimama zamani.

Tulibadilisha mupira, tukasafisha buji, tukaondoa vumbi la bonde la Ruzizi kwa filtri ya hewa. Tukapata tena gurudumu mumoja la nyuma ni la moto: freni yake ilikuwa inashika. Fundi akailegeza, na mipira ya magurudumu ikajazwa pumzi. Tukapima tena kilometa 120: lita 15, maana yake 12,5 kwa kilometa 100. Gari ikitembea kilometa 400 kwa mwezi, tunaokoa lita 22. Karbiratere ni ile ile.

5. MAONYO

Musipindue visi za karbiratere ovyo. Kutoka Uvira, mita karibu 770, mpaka Bukavu, mita karibu 1500, hewa inakuwa nyepesi, na karbiratere ya zamani inatoa esanse nyingi kupita hewa. Gari yenye kuchoka kidogo ikishamaliza kupanda Ngomo si lazima iwe mugonjwa.

Esanse ya chupa za kando ya barabara muitie kwa chupa nyeupe, muingoje: kama iko maji, yatakaa chini.

Musiwashe moteri ndani ya nyumba iliyofungwa. Moshi wake una sumu yenye kuua bila harufu ya kukuonya. Musijaribu mipira kwa esanse, ni kwa maji ya sabuni tu. Jirani zetu wa Sange wanajua: tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010 lori ya esanse ilipinduka pale, watu wakakaribia, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 230. Esanse haina mchezo.

MASWALI YA KUJIPIMA

a) Juu ya nini buji nyeusi haikutosha kuhukumu karbiratere?
b) Gari imekunywa lita 27 kwa kilometa 180. Ni lita ngapi kwa kilometa 100?
c) Kwa nini ralanti inaonyesha ugonjwa wenye mwendo wa mbio unauficha?

Wapendwa, hata kwa masomo yetu tunavuta starteri mara mingi: tunakopi jibu ili tusizime, na muzizi unabaki umepasuka. Tupime kwanza, tuulize kwa heshima, kisha tutengeneze. Gari itabaki barabarani, na mugonjwa wa kesho hatapanda pikipiki usiku.