Upasuaji wa Valvu za Moyo: Wakati Gani Ufanyike?

Daktari anaposema kwamba valvu ya moyo wa mgonjwa imeharibika, swali la kwanza nyumbani huwa hili: "Apasuliwe sasa, au tungoje?" Wako wanaongoja mpaka mgonjwa hawezi kulala bila kuegemea mito mitatu. Wako pia wanaouza shamba haraka, kumbe ugonjwa ungali mdogo na dawa zingetosha kwa miaka mingi. Somo la mwezi huu linataka kuisaidia familia izungumze na daktari kwa ufahamu.

Valvu ni nini?

Moyo ni kama pampu. Una vyumba vinne na valvu nne. Valvu ni mlango mdogo unaofunguka kupitisha damu, kisha unajifunga ili damu isirudi nyuma. Kwa siku moja kila mlango hufunguka na kufunga mara 100,000 hivi. Mlango huo huharibika kwa njia mbili: ama unakuwa mwembamba na damu inapita kwa shida, ama haufungi sawasawa na damu inavuja kurudi ilikotoka. Wagonjwa wengine wana yote mawili.

Kwetu Afrika ya Mashariki, chanzo kikubwa kwa watoto na vijana ni homa ya rumatiki. Huanza na maumivu ya koo yaletwayo na bakteria, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Koo lisipotibiwa, baada ya wiki mbili au tatu kinga ya mwili yaweza kuushambulia mwili wenyewe. Magoti na vifundo vya miguu huvimba na kuuma, kisha hupona. Lakini jeraha la valvu hubaki.

Wakati wa kungoja

Valvu iliyoharibika kidogo haihitaji kisu. Mgonjwa wa rumatiki huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, ili homa isirudi na kuongeza jeraha. Sindano hizo huendelea kwa miaka mingi, hata kama anajisikia mzima. Pia hupimwa kwa eko, yaani picha ya moyo ichukuliwayo kwa mawimbi ya sauti, kwa tarehe atakazopangiwa. Kungoja kwa namna hii ni matibabu. Kungoja bila kupimwa ni kujidanganya.

Wakati wa kutenda

1. Valvu ya mitrali iliyobana. Hii iko kati ya vyumba viwili vya kushoto. Kwa mtu mzima mwenye afya, tundu lake ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Likifika 1.5 au chini yake, na mgonjwa akawa anahema anapotembea, ni wakati wa kulipanua. Mara nyingi kifua hakipasuliwi: daktari hupitisha puto katika mshipa wa kinenani hadi kwenye moyo na kulipuliza. Daktari Mjapani, Kanji Inoue, aliieleza njia hii mwaka 1984. Haifai ikiwa valvu inavuja sana au ndani ya moyo kuna damu iliyoganda.

2. Valvu ya mitrali inayovuja. Hii ndiyo inayodanganya zaidi. Moyo hutanuka polepole ili kufidia, na mgonjwa huendelea kulima kama kawaida. Anapoanza kuvimba miguu, huenda misuli ya moyo imekwisha kuchoka, na hata valvu mpya haitairudishia nguvu zote. Kwa hiyo, valvu ikivuja sana, madaktari huweza kushauri upasuaji hata kabla ya dalili, iwapo eko inaonyesha kwamba moyo umeanza kutanuka kupita kiasi au nguvu yake ya kusukuma damu inapungua.

3. Valvu ya aota iliyobana. Huwapata zaidi wazee. Dalili zake ni kuhema, maumivu ya kifua na kuzimia wakati wa kazi. Zikianza, usingoje. Bila valvu mpya, wengi hawaishi zaidi ya miaka michache.

Valvu ya namna gani?

Ikiwezekana, daktari huirekebisha valvu ya mgonjwa mwenyewe. Isipowezekana, huweka nyingine. Valvu ya chuma hudumu sana, lakini mgonjwa hunywa wafarini maisha yake yote ili damu isigande, na hupimwa damu mara kwa mara. Valvu itokanayo na mnyama kwa kawaida haihitaji wafarini ya kudumu, lakini huchakaa, na kwa vijana huchakaa upesi zaidi. Upasuaji wa pili utahitajika.

Kwa binti au mama anayetaka kuzaa, jambo hili ni zito. Wafarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Lakini mama mwenye valvu ya chuma akiiacha kwa uamuzi wake mwenyewe, damu yaweza kuganda kwenye valvu na kumwua. Basi mume na mke waseme wazi mbele ya daktari, kabla ya upasuaji, kama wanataka watoto. Valvu iliyobana sana nayo yafaa kutibiwa kabla ya mimba, kwa maana mimba huuongezea moyo kazi nyingi.

Hofu na gharama

Upasuaji una hatari zake, tusifiche. Lakini hatari hiyo huongezeka moyo unapochoka. Nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, hufanya upasuaji huu. Familia iulize mapema kuhusu bima, msamaha na ustawi wa jamii. Ihesabu pia nauli za kurudi kliniki na bei ya dawa za kila mwezi, maana gharama haziishi siku ya kutoka hospitali.

Mwulizeni daktari:

1. Ni valvu ipi, na imeharibika kiasi gani?
2. Tukingoja mwaka mmoja, moyo utapoteza nini?
3. Yawezekana kutumia puto au kurekebisha?
4. Damu itapimwa wapi karibu na kwetu?

Ya kujadiliana nyumbani

1. Mtoto wetu akiumwa koo, je, tunampeleka zahanati au tunangoja lipone lenyewe?
2. Katika jumuiya yetu yupo mgonjwa aliyeacha sindano kwa kukosa nauli? Tumsaidieje?