Kichocho: mwizi anayembembeleza mlinzi

Haya vijana wa Buswelu! Jua kali, mmeshuka ziwani kuogelea. Labda umewashwa kidogo tu, basi. Je, kwa nini ngozi haikupiga kelele?

Lava wa kichocho hutoka kwenye konokono, akapenya ngozi kwa dakika chache. Kawaida seli zetu huwasha jeni za kuleta uvimbe, ili askari wa mwili waje mbio. Lakini lava hutoa prostaglandini E2, kemikali inayotokana na mafuta. Hiyo hushika kipokezi cha seli ya ngozi kama ufunguo na kufuli. Ujumbe unafika kwenye kiini, jeni ya intaliukini-10 inawashwa, na protini hiyo inatuliza uvimbe. Mlinzi kalala, mwizi kapita!

Baadaye mambo hugeuka. Mayai yakikwama kwenye ini, uvimbe huwaka na kuacha makovu. Hapo ndipo ugonjwa wenyewe.

Kwa hiyo usisubiri kuumwa. Kama unaoga ziwani, nenda kituo cha afya ukapimwe choo. Dawa ya prazikwanteli ipo, ila haizuii kuambukizwa tena. Na jamani, tusijisaidie ziwani!

Swali la darasani: kutosikia maumivu ni dalili ya uzima?